Uzi: Kusikiliza mkusanyiko wa santuri za nyumbani, upande wa kwanza na upande wa pili

Mwanzisha uzi (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Baada ya kufariki kwa baba yangu mdogo, ukoo uliamua kwamba santuri zake nikabidhiwe mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikimsumbua tangu utotoni anipigie hii na ile. Nimeanza kuzisikiliza zote kwa utaratibu: naanzia za kale na kuja za karibuni, kila sahani naipiga pande zote mbili hata kama upande mmoja siupendi, na wimbo nisioufahamu naupa nafasi sawa na ule unaojulikana na kila mtu.

Humu jukwaani tuna nyuzi nyingi za zilipendwa, na nyingi ni nzuri, lakini karibu zote huzungumzia nyimbo, waimbaji na visa vya bendi kugawanyika. Santuri yenyewe huwa haitajwi, utadhani nyimbo zile zilikuwa zikielea hewani. Maoni yangu ni kwamba muziki wetu wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970 haueleweki sawasawa mpaka uifahamu sahani iliyoubeba: ilikuwa na ukubwa gani, ilichukua dakika ngapi, na hasa ukweli kwamba ilikuwa na pande mbili, na mtu alilazimika kuinuka kitini kuigeuza. Jambo hili nitalieleza kwa hatua kadiri ninavyosikiliza, nanyi mnikosoe.

Marehemu alikuwa mtumishi wa reli, na santuri zake zinaonyesha alikopangiwa kazi kuliko hata vyeti vyake. Kuna za Morogoro, yaani Cuban Marimba na Morogoro Jazz. Kuna za Tabora, yaani Kiko Kids na Tabora Jazz. Kisha Tanga, yenye Jamhuri Jazz na Atomic. Na za Dar es Salaam, zikiwamo za NUTA Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz. Za taarabu zilitoka kwa bibi upande wa Unguja. Kwenye lebo nyingi ameandika kwa kalamu ya wino herufi za jina lake, kwa sababu santuri wakati ule ziliazimwa kwenda kwenye sherehe na zisipokuwa na alama hazirudi.

Naanza na zile nzito za inchi 10 zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Hizi si plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu mgumu utolewao na wadudu, uliochanganywa na unga wa mawe, na ukiiangusha moja sakafuni huokoti sahani, unaokota vigae. Kila upande una dakika tatu hivi. Ninayo moja ya Siti binti Saad, yenye nembo ya kampuni ya HMV, yule mbwa anayesikiliza gramafoni. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, na mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri mpaka Bombay kurekodi kwa kampuni hiyo. Santuri hizo ndizo zilizowaonyesha wafanyabiashara kwamba nyimbo za Kiswahili zina soko pwani nzima. Shaaban Robert ameeleza maisha yake katika *Wasifu wa Siti binti Saad*, na anayetaka habari zaidi aanzie hapo.

Kinachonishangaza ninapoisikiliza ni haraka yake. Katika hafla ya taarabu hakuna aliyekuwa na haraka: beti hurudiwa, watunzaji hupanda na kushuka, fidla hupewa nafasi ya kujibu. Katika sahani hii ala zinatambulisha tuni kidogo tu, sauti inaingia, na unahisi kabisa kwamba watu wale wameambiwa kuna saa inayohesabu. Sauti ya Siti iko mbele, kavu, karibu na sikio, na ala ziko nyuma yake. Nyuma ya vyote kuna mvumo wa mchanga usiokwisha, ambao baada ya muda sikio huacha kuuhesabu.

Kisha kuna zile za Kikuba. HMV ilianza mwaka 1933 kutoa mfululizo wenye herufi GV, uliokuwa na nyimbo za Kikuba zilizorekodiwa Havana na New York, na zikauzwa Afrika. Marehemu alikuwa na chache, na nilipozipiga kabla tu ya zile za Salum Abdallah nilielewa kwa nini bendi aliyoianzisha Morogoro mwaka 1948 iliishia kuitwa Cuban Marimba. Salum Abdallah alizichukua zile dakika tatu na kuzitawala: hakuna utangulizi mrefu, kiitikio kinafika mapema, na wimbo unakwisha ukiwa bado unautaka. Santuri zake nyingi zilitolewa Mombasa chini ya lebo ya Mzuri, iliyokuwa mali ya Assanand na Wanawe. Alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1965, kabla sahani zenye wimbo mmoja uliogawanywa pande mbili hazijashika kasi, na nadhani ndiyo maana nyimbo zake hazifanani na za waliomfuata.

Mchangiaji (Tanga)

Shikamoo mzee. Uzi huu umenigusa kwa kuwa nami nyumbani kuna boksi ambalo mama halitaki liguswe. Naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, sahani hizo za 78 unazipiga kwa chombo gani bila kuziharibu? Gramafoni yetu ni ile ya kuzungusha kwa mkono, na mjomba anasema sindano yake inakula sahani. Pili, kwa nini umeitaja Tanga kwa Jamhuri na Atomic peke yake? Tanga ni vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na ni mwimbaji Shakila Saidi. Tukizungumzia santuri za hapa bila sauti ya Shakila tutakuwa tumeacha nusu ya mji.

Mwanzisha uzi

Marahaba, kijana. Mjomba anasema kweli. Gramafoni ya mkono hutumia sindano ya chuma, na sindano hiyo ilikusudiwa kubadilishwa baada ya kila upande, kwa sababu ni yenyewe inayopaswa kuliwa ili ikae sawa na mfereji. Ukiipiga mara kumi bila kubadilisha, sasa inaanza kuchonga. Isitoshe kichwa chake ni kizito mno. Mimi natumia gramafoni ya umeme yenye mwendo wa 33, 45 na 78, na ninayo sindano ya pekee kwa ajili ya 78, kwa kuwa mifereji ya sahani hizo ni mipana karibu mara tatu kuliko ya santuri za plastiki. Sindano ya kawaida huzama mpaka chini, ikakwaruza vumbi la miaka yote, na watu wakaamini kwamba wimbo ndio ulivyo. Jambo jingine: sahani za 78 zisioshwe kwa spiriti, maana spiriti huyeyusha utomvu ule. Maji kidogo, sabuni laini, kitambaa, na lebo isilowane.

Kuhusu Shakila, sijamsahau. Nilikuwa namwekea nafasi yake, kwa sababu anathibitisha ninachotaka kusema. Vikundi vya Tanga viliingiza gita za umeme na besi ndani ya taarabu, navyo vilikuwa vidogo kuliko vile vya Unguja vyenye safu za fidla. Kikundi kidogo husikika vizuri katika sahani ndogo. Ukiweka santuri ya Shakila mara tu baada ya rekodi yoyote ya kundi kubwa la Unguja, utasikia kwamba yule wa Tanga hakubanwa na sahani, amekaa ndani yake kwa raha: gita la besi linatembea, sauti inapanda juu yake bila kugombana na kitu, na maneno yote unayapata.

Sasa nifike kwenye kiini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sahani za 78 zilianza kuziachia nafasi santuri ndogo za plastiki za inchi 7, zenye mwendo wa 45. Tanganyika, na baadaye Tanzania, haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kwa hiyo muziki wetu ulichapwa Nairobi, na bendi zilizoweza zilisafiri huko kurekodi. Ninapopanga santuri za marehemu kwa lebo, meza inakuwa na rangi za Nairobi na Mombasa tupu: Mzuri, Equator, AIT, Philips, Polydor, ASL.

Upande mmoja wa sahani hiyo hubeba dakika nne hivi, mara nyingine tano. Bendi ukumbini hupiga wimbo mmoja robo saa. Suluhisho lilikuwa kuugawa: upande wa kwanza sehemu ya kwanza, upande wa pili sehemu ya pili. Upande wa kwanza una hadithi, yaani beti, malalamiko, jina la mwanamke, salamu kwa wazazi. Gita la rizimu linaweka zulia, solo inachombeza katikati ya mistari, midomo ya bata, yaani saksafoni, inajibu. Kisha, mara nyingi pale pale waimbaji wanapoanza kurudia kiitikio, sauti inafifia na sindano inakwenda katikati. Unainuka. Unageuza. Upande wa pili hauna muda wa hadithi. Unaingia moja kwa moja kwenye chemko, gita la solo limeshika usukani, tumba zimepanda, mwimbaji anatoa maneno mafupi ya kuwahimiza wenzake.

Ninayo sahani moja ya bendi ya Tanga ambayo lebo yake imefutika kabisa kwa kushikwashikwa, na hiyo nimeisikiliza kuliko nyingine zote. Upande wa kwanza unang'aa kama umetoka dukani. Upande wa pili umekuwa wa kijivu, na ukiinamisha chini ya taa unaona utepe wenye upana wa kidole ambao mifereji yake imelika kuliko sehemu nyingine. Nilipoupiga nikagundua utepe huo unaanzia pale solo inapobadilisha tuni na dramu kuongeza mwendo. Kuna mtu, na ninamjua, alikuwa akinyanyua sindano kila mara na kuirudisha pale pale. Hapana shaka alikuwa ameweka na sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isiruke watu wakicheza, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba nyingi, na uzito huo ndio uliochimba.

Sasa nendeni mtandaoni mtafute nyimbo za zama hizo. Nyingi mtakuta sehemu ya kwanza tu. Aliyepakia alikuwa na upande anaoujua, wenye maneno, na hakuona haja ya ule mwingine. Vijana wanadhani zilipendwa ni nyimbo za polepole zenye mafunzo, zinazokatika ghafla mwishoni, kumbe wamepewa nusu ambayo watu wa wakati ule waliisikiliza wameketi, na wamenyimwa nusu waliyoinukia.

Mchangiaji (Nairobi)

Ndugu mwanzisha uzi, nakupongeza kwa kazi, lakini sikubaliani nawe kikamilifu. Naona unaipa sahani sifa iliyo ya wanamuziki. Mgawanyo wa wimbo kuwa na sehemu ya taratibu inayoimbwa na sehemu ya kasi inayochezwa ulitoka katika rumba la Kongo, na wanamuziki wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) waliukuza ukumbini kwa sababu wachezaji waliutaka. Orchestra zilizokuja kwetu na kwenu kutoka huko zilikuwa nao tayari. Bendi ya Maquis walipohamia Dar es Salaam kutoka Lubumbashi mwaka 1972 hawakuhitaji kufundishwa na mtu wa kiwandani. Mtayarishaji wa Nairobi alikuta wimbo una kiungo, akakata kwenye kiungo.

Tena kuna jambo la biashara ambalo hujaligusa. Sehemu ya pili ilimpunguzia mwenye lebo gharama, kwa sababu hakuhitaji kulipia wimbo wa pili wala kutafuta mtunzi mwingine. Na kwa wenye baa waliokuwa na mashine za kutumbukiza sarafu, sahani yenye sehemu mbili ilimaanisha kwamba mteja aliyeanza na wimbo lazima atoe sarafu nyingine ili aumalize. Tulioishi karibu na River Road tunajua kwamba sanaa na hesabu zilikuwa zikilala kitanda kimoja.

Mwanzisha uzi

Hoja yako ya biashara naipokea bila ubishi, na imeniongezea kitu. Ya kwanza nitaipokea nusu. Ni kweli kiungo kilikuwepo ukumbini, lakini si kila kiungo ni mahali pa kukatia, na katika santuri hizi unasikia tofauti kati ya bendi iliyofika studio ikijua itakatwa na bendi iliyokatwa bila kuulizwa. Katika zile za kundi la pili sauti inafifia katikati ya neno, na upande wa pili unaanza kwa kupanda taratibu kutoka kimyani, ikiwa dhahiri kwamba bendi haikusimama kupiga na fundi ndiye aliyeshika kitasa. Katika zile za kundi la kwanza upande wa pili una mwanzo wake kabisa: gita linapiga mwito, dramu zinaitikia, na bendi inaingia pamoja. Huo ni utunzi, nao umetungwa kwa ajili ya mtu aliyetoka kugeuza sahani.

Mbaraka Mwinshehe ndiye mfano wangu. Morogoro Jazz, bendi iliyoiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Osaka mwaka 1970, ilikuwa na mcharaza solo ambaye pia alikuwa mwimbaji na mtunzi, kwa hiyo mtu mmoja alikuwa na mamlaka juu ya pande zote mbili. Sikiliza anavyojibana upande wa kwanza. Gita linatia nukta tu mwisho wa mstari, halisemi zaidi, kama mtu mwenye habari ndefu anayesubiri wageni waondoke. Ukigeuza ndipo anapofungua. Alipoanzisha Super Volcano mwaka 1973 alizidi kuuendeleza mpango huo, na sidhani kwamba mtu mwenye sikio kama lake alikuwa akiacha jambo hili kwa fundi.

Mchangiaji (Lubumbashi)

Ndugu zangu, naomba msitusahau sisi wa Katanga, ambao Kiswahili chetu mnakicheka lakini santuri zetu mlizinunua. Kabla ya orchestra na gita za umeme, kulikuwa na mtu mmoja na gita kavu. Mwenda Jean-Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, na wimbo wake wa *Masanga* ulifika kwenu kwa sahani za 78 za Gallotone. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe alikwenda Nairobi, kama alivyokwenda Edouard Masengo, na wapiga gita wengi wa Kenya walijifunza kwao namna ya kutumia vidole viwili kutoa besi na tuni kwa wakati mmoja. Pale hapakuwa na sehemu ya pili. Dakika tatu zilitosha kwa sababu mtu mmoja hahitaji kusubiri zamu yake.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, ndugu wa Lubumbashi. Kwa bahati marehemu alikuwa na sahani ya Mwenda, na baada ya kusoma ujumbe wako nimeipiga tena. Ina ufa mdogo pembeni unaogonga kwa kila mzunguko, na hata hivyo unasikia dole gumba likishika besi bila kutetereka huku vidole vikizungumza kitu kingine. Umenipa pia njia ya kuwaeleza wanaouliza kwa nini Fundi Konde wa Kenya hasikiki kama watu wa dansi waliomfuata: yeye naye ni mtu wa dakika tatu, mwenye gita safi na sauti isiyoharakishwa, na kila neno limepimwa.

Nimeshatoka kwenye sahani ndogo na kuingia kwenye zile kubwa za inchi 12, zenye dakika kama 20 kila upande. Hizi sitazikalia sana. Nyingi za bendi zetu ni mikusanyo ya nyimbo zilizokwisha kutoka kwenye sahani ndogo. Mfululizo wa *Ukumbusho*, uliotolewa Nairobi baada ya Mbaraka kufariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979, una thamani kubwa kwa kuwa umeokoa nyimbo ambazo sahani zake ndogo zimekwisha, lakini kuusikiliza ni jambo tofauti: nyimbo zinafuatana bila wewe kuinuka, na yale mapumziko ya kugeuza yaliyokuwa sehemu ya mpango hayapo.

Kuna sahani kubwa moja ambayo naitoa katika hukumu hiyo, nayo ni ya Les Wanyika yenye *Sina Makosa*. Wanamuziki wale walijitenga na Simba Wanyika mwaka 1978, na bendi waliyotoka iliundwa Kenya na ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga, kwa hiyo marehemu alikuwa akiwahesabu kama watu wa nyumbani. Wimbo huu umepigwa kwenye simu na kwenye daladala mpaka tumeacha kuusikia. Katika santuri, ukiwa na spika zenye upana, unagundua kwamba mwenye wimbo ni besi la Tom Malanga, linalotembea kwa hatua zisizotarajiwa chini ya rizimu ya Omar Shabani, na simu haiwezi kulitoa besi hilo hata kidogo. Watu wanaucheza wimbo kwa kumbukumbu ya besi wasilolisikia.

Baada ya hapo mkusanyiko unakonda. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Kwa bendi za Tanzania, zilizokuwa zikitegemea studio na kiwanda cha Nairobi, hilo lilikuwa pigo, na kwa mnunuzi wa Tabora au Morogoro pia. Kaseti nazo zilikuwa zimeshaingia. Marehemu aliacha kununua santuri karibu na wakati huo, akaanza kurekodi kutoka Radio Tanzania kwa kanda, na nyimbo zote za bendi ya Mlimani Park nilizokuta nyumbani kwake ziko kwenye kaseti zenye sauti ya mtangazaji mwanzoni na taarifa ya habari mwishoni.

Mchangiaji (Dodoma)

Hapo ndipo nilipokuwa nikisubiri ufike. Mzee, kama Radio Tanzania ilikuwa na studio yake na ikazirekodi bendi zote kwenye kanda ndefu, bila kizuizi cha dakika nne na bila kukata wimbo vipande, basi si hizo ndizo rekodi za kweli? Kwa nini tuhangaike na sahani zilizokwaruzwa, ambazo zilikatwa na mfanyabiashara wa Nairobi kwa faida yake?

Mwanzisha uzi

Ni swali zuri. Rekodi za redio ni hazina ambayo taifa zima linapaswa kuishukuru, na zipo nyimbo nyingi ambazo hazikupata kuwa santuri kamwe. Bila kanda zile Sikinde (ndiyo Mlimani Park) na Msondo (iliyokuwa NUTA Jazz) wa miaka ya 1980 wangebaki midomoni mwa wazee. Lakini sioni kwamba urefu unazifanya ziwe za kweli zaidi. Katika kanda ya redio bendi inapiga ikijua kwamba itasikika mara moja hewani na labda irudiwe wiki ijayo. Katika santuri bendi inapiga ikijua kwamba mtu atalipa, ataipeleka nyumbani, na atairudia mpaka mifereji ilike. Marijani Rajab, kwa mfano, ukimlinganisha katika hali hizo mbili, katika santuri za Safari Trippers anaimba kwa kubana, maneno yamepangwa karibu karibu; katika rekodi za redio za baadaye akiwa na Dar International ana nafasi ya kusimulia, na anaitumia. Zote mbili ni za kweli, na mimi nazipenda kwa sababu tofauti.

Lipo pia suala la majina. Kanda za redio zina kumbukumbu za ofisini, ilhali santuri ina lebo ambayo kila mnunuzi aliisoma, na jina la mtunzi lililochapwa pale ndilo lililofuatwa na malipo. Fadhili William aliurekodi *Malaika* kwa Equator ya Nairobi na jina lake likasambaa nao duniani, ingawa wapo waliodai kwamba wimbo ulikuwepo kabla yake na wakataja watunzi wengine. Katika mkusanyiko huu nimeona sahani ambazo mtunzi ni bendi nzima, nyingine ambazo ni kiongozi wa bendi kwa kila wimbo, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa na wanamuziki atalitilia shaka.

Mchangiaji (Tanga)

Mzee, mama amekubali nilifungue boksi kwa sharti kwamba nizihamishie nyimbo kwenye kompyuta na yeye apate nakala kwenye simu. Nikishazirekodi sehemu ya kwanza na ya pili, nizifanye kuwa wimbo mmoja, au niziache mbili? Na kuna nyingine sauti zinatoka nyembamba sana, utadhani waimbaji ni watoto.

Mwanzisha uzi

Nianze na hilo la sauti nyembamba, kwa sababu ndilo linaloharibu rekodi nyingi zilizoko mtandaoni. Mashine yako inazunguka haraka kupita inavyopaswa. Mkanda wa mpira ukishabadilishwa kwa mwingine usio wa saizi yake, hilo hutokea. Weka kipande kidogo cha karatasi pembeni ya sahani ya kuzungushia, hesabu mizunguko kwa dakika moja kamili ukitazama saa, na urekebishe mpaka upate 45. Ukizidisha kwa mizunguko mitatu tu, mwimbaji Muhiddin Gurumo anakuwa kijana wa kwaya na gita zote zinapanda karibu nusu daraja ya tuni. Kwa sahani za 78 usiiamini namba kupita kiasi, maana baadhi ya zile za zamani zaidi hazikurekodiwa kwa mwendo huo hasa. Hapo sikio ndilo liamue, na ukiwa na mtu anayepiga udi au fidla mwombe akae nawe.

Safisha kwanza, rekodi baadaye. Ukungu wa pwani hukaa ndani ya mifereji kama unga mweupe na hausikiki kama mikwaruzo, husikika kama mvua. Zile zilizopinda kwa jua usizibane kwa pasi kama wanavyoshauri wengine; ziweke katikati ya vioo viwili vizito, sehemu isiyo na joto kali, na uwe na subira. Usifute kila mlio kwa programu, kwa sababu programu hizo haziwezi kutofautisha mkwaruzo na ncha ya kayamba, na nimesikia nyimbo zilizosafishwa mpaka kayamba ikatoweka.

Kuhusu kuunganisha, rekodi kila upande mzima, kuanzia sindano inapogusa mpaka inapofika katikati, na uhifadhi faili mbili zenye majina yanayoonyesha ni upande upi. Andika pia namba iliyokwaruzwa kwenye ile sehemu tupu karibu na lebo, kwa kuwa lebo zilibandikwa vibaya mara nyingi na namba hiyo ndiyo inayosema ukweli wa kilichochapwa. Kisha kwa ajili ya mama tengeneza nakala ya tatu iliyounganishwa. Pale sehemu ya pili inapoanza kwa kupanda taratibu, unaweza kuifunika juu ya mfifio wa sehemu ya kwanza na kiungo kisisikike sana. Pale sehemu ya pili ina mwito wake, usiifunike. Acha sekunde chache za ukimya katikati. Na kama katika boksi hilo kuna sahani yoyote ya Jamhuri Jazz ambayo upande wake wa pili unaanza kwa gita peke yake likipanda hatua nne kabla ya dramu kuingia, naomba uniandikie kilichochapwa kwenye lebo, ili nami niipe jina ile yangu iliyofutika.